Picha ya marehemu ninayo mimi, na kila mtu anaitaka kwa sababu yake

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mpiga picha hapa Mbeya. Nina studio ndogo karibu na soko, na kazi zangu ni paspoti, harusi, kipaimara na misiba. Kwa miaka kadhaa sasa natuma pia picha na habari kwenye gazeti moja la Dar es Salaam, wananilipa kwa kila picha inayotoka. Naomba usinitaje jina, na mahali penyewe sitapataja kwa sababu familia inayohusika itajitambua kwa maelezo machache tu.

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa nakwenda kupiga picha za kipaimara ng'ambo ya Mbalizi. Ukungu ulikuwa bado haujaachia. Kwenye mteremko mmoja wa barabara kuu ya kwenda Tunduma nikakuta lori la kontena limefeli breki, limesomba bajaji mbili na Hiace iliyokuwa inashusha abiria, likaishia kwenye vibanda. Kamera niliiacha kwenye boksi la pikipiki, nikaungana na wenzangu kutoa watu. Tulipowamaliza wale tulioweza kuwafikia, polisi hawajafika, ndipo nikatoa kamera.

Nilipiga nyingi, ila moja ndiyo inayonisumbua. Ni mama mmoja amelala kando ya mtaro. Uso wote unaonekana, macho hayajafumba, kitenge kimepanda juu. Maparachichi aliyokuwa anapeleka sokoni yametawanyika mpaka kwenye lami. Mkono wa kulia umeshika kitambaa kilichofungwa fundo, ile hela ya mtaji, hakukiachia. Nyuma yake unaona kichwa cha lori pamoja na namba zake, na juu zaidi mteremko wote ulivyokaa. Mama, nasema kama mtu wa kazi hii: sijawahi kupiga picha yenye nguvu kama hiyo. Nilipomaliza, kijana wa bajaji akavua koti lake akamfunika.

Gazetini nilituma picha ya lori na ya watu wakiokoa. Hiyo nyingine sikuituma.

Kesho yake walikuja vijana wawili studio, wanataka picha ya marehemu ikuzwe iwekwe kwenye fremu mbele ya jeneza. Kuangalia, ni paspoti niliyompiga mimi mwenyewe, wakati kikundi chao cha vikoba kinafungua akaunti benki. Niliikuza, sikuchukua hela, na msibani nikaenda.

Matatizo yameanza baada ya matanga. Kaka wa marehemu ni kiongozi wa madereva wa bajaji, na yule kijana wa koti alimwambia kwamba mimi nilipiga. Amekuja mara kwa mara. Anasema wanaandaa kikao na wakubwa wa mkoa kudai ijengwe njia ya pembeni ya kuponea malori yaliyofeli breki, na malori yazuiwe kushuka asubuhi watu wanapokwenda kazini na shuleni. Anataka picha hiyo ichapwe kwenye bango kubwa. Maneno yake: "Dada yangu wamwangalie usoni ndipo waniambie hakuna bajeti."

Mume wa marehemu amesikia. Alikuja peke yake jioni, hakukaa hata kwenye kiti. Alisema, "Mke wangu asionekane vile. Nakuomba kama ndugu." Akaondoka. Wana binti yuko kidato cha pili, na mama mzazi wa marehemu bado yupo, anaishi na huyo mjukuu.

Upande wa tatu ni mhariri. Gazeti linaandaa makala maalumu kuhusu barabara yetu, nami nilimtajia kwamba kuna picha nyingine. Sasa hanipi nafasi. Anasema lori lililoanguka kila mtu ameshaliona, halimsimamishi msomaji. Anataka iende ukurasa wa mbele, uso ukiwekewa ukungu, na malipo ni makubwa kuliko ninayopata kwa mwezi mzima studio.

Mke wangu anasema futa zote leo, maana usiku naamka. Lakini nikishika kufuta, nahisi nazika ushahidi. Watu wanaendelea kufa pale. Na nikikaa nayo, nahisi nimemficha mtu mfukoni. Nimpe kaka? Nimsikilize mume? Nimtumie mhariri? Au nifute nirudi kwenye paspoti zangu?

Mpiga picha, Mbeya

*

Marahaba mwanangu, na pole. Pole kwa uliyoyaona, pole pia kwa mzigo uliobebeshwa baada ya pale. Barua yako nimeisoma taratibu, na kabla ya mengine nikukumbushe jambo uliloliandika haraka haraka: kamera uliiacha kwenye boksi mpaka watu walipotolewa. Wengine wanaokuja na simu mkononi hawaanzii hapo. Likumbuke hilo usiku unapoamka.

Kwa jinsi nilivyokuelewa, una picha moja ambayo kila mtu anaiona kwa jicho lake. Mhariri anaona ukurasa wa mbele. Kaka anaona hoja ambayo wakubwa hawataweza kuijibu. Mume anamwona mkewe amefunuliwa mbele za watu. Mkeo anaona kitu kinachomnyima mumewe usingizi. Wote hao wanasema kweli, na ndiyo maana huwezi kuchagua kwa kutafuta nani ni mwongo.

Nianze na hilo neno lako la kuzika ushahidi. Umeandika kama vile kuna njia mbili tu, kuichapa au kuifuta. Mbona umeiruka ya katikati? Picha inaweza kuwa ushahidi bila kuwa habari. Namba za lori, lilivyokaa, umbali kutoka kwenye mteremko hadi vibandani, hayo ni mambo ya polisi wa usalama barabarani, ya mahakama kama kuna kesi, na ya wahandisi wa TANROADS, wakala wa barabara kuu. Unaweza kuwapelekea, tena ukaomba wakuandikie kwamba wamepokea. Ila usidhani njia hii haina hatari. Ikishatoka mkononi mwako, huwezi kuapa kwamba haitarukia kwenye kundi la WhatsApp la mtu. Ukiamua hivyo, tunza ile ya asili bila kuigusa, na itoe kwenye kompyuta ya studio ambako kijana wako wa kazi au mteja anaweza kuikuta. Nina hakika nyingine ulizopiga asubuhi ile zinaonyesha lori na mteremko bila yule mama. Zikague kwanza hizo.

Jambo la pili ni imani ambayo naiona kwa kaka na kwa mhariri, na wewe umeanza kuishika: kwamba watu wakiona watashtuka, na wakishtuka watachukua hatua. Wakati mwingine ni kweli. Huku kwetu nyanda za juu kusini tuna mfano unaouma. Tarehe 2 Septemba 2012, kijijini Nyololo, Mufindi, mwandishi Daudi Mwangosi wa Channel Ten, aliyekuwa pia mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari Iringa, aliuawa polisi walipokuwa wakitawanya mkusanyiko wa chama cha upinzani cha CHADEMA. Magazeti yalichapisha picha iliyopigwa akiwa bado hai, askari wamemzunguka na mmoja amemwelekezea silaha. Picha ile ilifanya iwe vigumu sana kwa yeyote kukana kilichotokea. Mwaka 2016 Mahakama Kuu Iringa ilimhukumu askari mmoja miaka 15 jela kwa kuua bila kukusudia. Sisemi picha peke yake ndiyo iliyomfunga. Ninachotaka uone ni kilichokuwa ndani yake: ilionyesha tendo na watendaji. Zilisambaa pia picha za mwili wake baada ya mlipuko wa bomu la machozi lililomuua, na zile sioni zilimsaidia nani, zaidi ya kumwachia mjane na watoto kitu cha kukwepa maisha yao yote.

Sasa iangalie yako kwa jicho hilo hilo. Ni sehemu gani inayosema breki zilifeli na mteremko ni mbaya? Ni lori na barabara iliyo nyuma. Macho ya yule mama yanasema amekufa, jambo ambalo hakuna anayelibisha.

Najua utanijibu kwamba ukimtoa mama inabaki barabara tu, na barabara haimlizi mtu. Jibu hilo lina uzito, nami silipuuzi. Kule Marekani mwaka 1955, kijana Emmett Till wa miaka 14, kutoka Chicago, aliuawa Mississippi na uso wake ukaharibiwa vibaya. Mama yake, Mamie Till, aliamua jeneza liwe wazi, akaruhusu picha, na jarida la Jet likaichapisha. Wengi waliopigania haki za weusi miaka iliyofuata walisema picha ile ndiyo iliyowaamsha. Kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba picha ya maiti haijawahi kufanya kazi yoyote duniani, imefanya. Lakini aliyeamua ni mama mzazi. Hakuamuliwa na mhariri, wala na mjomba aliyekuwa na kikao cha kwenda.

Hapo narudi kwenye familia yako hii. Umeniletea kaka na mume, wanaume wawili wanaovutana, ukawa kama hakimu kati yao. Mama mzazi umemtaja kwa sentensi moja. Binti, vivyo hivyo. Kuna aliyewauliza? Na wanajua kwamba picha ipo, au watajua siku wanayoiona? Bibi ndiye aliyemzaa, na huyo mtoto ndiye atakayeishi na picha hii muda mrefu kuliko sisi sote. Yuko kidato cha pili. Wenzake wana simu. Bango likisimamishwa asubuhi, litapigwa picha, na kabla ya mapumziko ya saa nne limefika darasani kwake likiwa na maneno ya watu chini yake. Kaka huyo hana nia mbaya, ana uchungu. Lakini bango halichagui anayelitazama.

Wala sitaki udhani nasema hivi kwa sababu sisi ni watu wa kuogopa picha za kifo. Wewe mwenyewe unaitwa misibani. Jeneza linafunguliwa, watu wanapita kutoa heshima za mwisho, wewe unapiga, na baadaye albamu inakaa sebuleni bila mtu kuiona ajabu. Tofauti ni kwamba yule wa kwenye albamu ameogeshwa, amefumbwa macho, amevishwa nguo yake nzuri na ndugu zake ndio waliosema sasa karibuni mumwone. Yule wa mtaroni hakuna aliyemwandaa. Kijana wa bajaji alilijua hilo bila kufundishwa, akavua koti. Nadhani mume alikuja kwako kukuomba kitu kile kile.

Kuhusu mhariri. Ule ukungu anaoahidi kuweka usoni utamficha mama kwa watu wa Dar, ambao hata hivyo hawamjui. Jirani zake watamjua kwa kitenge, kwa maparachichi, kwa kile kitambaa. Tena ukishawishika kukata picha ubakize mkono na lile fundo la hela, ujue hiyo inaweza kuwa picha nzuri sana kwa msomaji wa mbali na kisu kwa binti, maana bila shaka fundo lile analijua tangu utoto wake.

Yapo mambo ya kumuuliza mhariri bila ugomvi. Januari 2019, baada ya shambulio la hoteli ya DusitD2 Nairobi, New York Times walichapisha picha ya watu waliouawa wakiwa mezani. Wakenya walikasirika kweli kweli, Baraza la Habari la Kenya likataka iondolewe, gazeti likakataa likisema wasomaji wanastahili kuona hali halisi. Swali la Wakenya lilikuwa jepesi: wangekuwa Wamarekani, mngeichapa hivyo? Mwanangu, umbali wa namna hiyo upo hata ndani ya nchi moja. Muulize mhariri kama angekuwa mama wa Masaki, kule kwa wenye nacho Dar, amelala kando ya barabara, uso juu, ukurasa wa mbele ungekuwa huo huo. Akisema ndiyo, na akaeleza kwa nini, utakuwa umejua ana msimamo. Akisita, utakuwa umejua jambo jingine. Muulize pia nani ataandika maelezo chini ya picha, kama itawekwa mtandaoni na kubaki huko, na kama ikizua malalamiko atasimama nani. Baraza la Habari Tanzania lipo tangu 1995 na linapokea malalamiko ya aina hii. Katiba yetu inalinda vyote viwili, faragha ya mtu kwenye ibara ya 16 na haki ya kupata na kutoa habari kwenye ibara ya 18, na kwa mtandaoni kuna Kanuni za Maudhui za mwaka 2020. Muulize mwanasheria wa klabu ya waandishi kabla hujatuma chochote. Mimi si mwanasheria.

Na malipo? Sitakuhukumu kwa kuyafikiria, studio ina kodi. Jiulize tu kama jibu lako lingekuwa lile lile endapo wangelipa kama kawaida.

Sasa nigeuke upande wa pili, maana nisipofanya hivyo nitakuwa nimekudanganya. Kunyamaza nako kuna gharama. Ukimnyima kaka, zipo picha za simu zilizopigwa asubuhi ile na watu wasiojali, na huenda atazipata hizo na kuzichapa vibaya zaidi. Ukimnyima mhariri, makala inaweza kutoka imepoa, ikasomwa kama ajali nyingine tu ya Mbeya. Uhusiano wako na gazeti unaweza kulegea. Na wapo watu ambao ingewafaa sana kama picha zote za mteremko ule zingekuwa safi, zisizo na mtu. Wasiwasi wako kwamba ukiificha unawasaidia hao si wa bure. Usiruhusu mtu akuambie kwamba ni tamaa ya kazi tu.

Ndiyo maana nadhani mazungumzo na kaka yanastahili muda zaidi. Mpaka sasa kati yenu ni yeye kudai na wewe kukwepa. Yeye anataka wakubwa wamwone dada yake. Muulize, wamwone yupi? Ile paspoti uliyoikuza, akiwa hai, amevaa vizuri, anakwenda kufungua akaunti ya kikundi, nayo ni uso wake. Ikiwekwa kwenye bango pembeni ya picha ya mteremko na lori, na kama familia nyingine zilizopoteza watu pale zitakubali kuleta za kwao, mkubwa ataangaliwa na watu wengi kwa pamoja. Huenda kaka ataona ni dhaifu. Huenda atasema paspoti haimshtui mtu, na kwa wengine atakuwa sahihi. Lakini bango hilo mume anaweza kusimama karibu nalo, na kwenye kikao kile sauti ya mume ina uzito wake. Kaka anayekwenda kudai huku shemeji yake amemkasirikia atakuwa amepungukiwa na kitu kikubwa kuliko picha.

Ipo pia njia ya kuiweka picha kwa faragha: wakubwa waonyeshwe ndani ya kikao, mezani, bila simu, kisha irudi mkononi mwako. Wapo watakaoona hiyo inatosha. Mume anaweza kuikataa hata hiyo, na utalazimika kujua mapema utamjibu nini.

Haya yote yanahitaji familia ikae. Huwezi kuitisha kikao cha ukoo usio wako, lakini unaweza kumwomba mzee wa upande wao, au mchungaji wao kama wana mchungaji, awaite pamoja: kaka, mume, bibi. Binti asiburuzwe kwenye mabishano, ila shangazi yake au mama mdogo amuulize kwa upole. Waeleze kilichomo kwenye picha kwa maneno, usiwaonyeshe isipokuwa waombe wenyewe. Wakikubaliana wote itumike, mzigo bado utakuwa na sehemu yako, kwa sababu jina chini ya picha litakuwa lako na una haki ya kukataa. Wakikataa wote, bado utabaki na swali la ushahidi. Wakigawanyika, angalau utajua wamegawanyika wakiwa na habari kamili.

Mkeo naye usimpuuze. Anachokiona ni kwamba mumewe anaamka usiku, na hilo halitaisha kwa kufuta faili. Wapiga picha na waokoaji wengi hupata hali hiyo, si udhaifu. Hospitali ya Rufaa ya Kanda hapo Mbeya ina huduma ya afya ya akili. Nenda ukaongee na mtu, hata kabla hujaamua lolote. Kwa sasa unaweza kuihamishia picha kwenye kifaa kimoja, ukakifunga, ukampa mkeo au mtu unayemwamini akutunzie, ili isiwe kitu unachokifungua saa nane za usiku.

Mhariri mwambie wiki hii kwamba familia haijakaa, na mpaka ikae huna cha kumtumia zaidi ya lori, mteremko na waokoaji. Akikuambia makala haisubiri, basi itoke na hizo. Mengine utayaona baada ya kuongea na yule bibi. Niandikie ukishatoka kwake.

Mama Mshauri